Kulikwida Gari Shati

Kwa miaka miwili jeki yangu ndefu ilikuwa pambo. Niliifunga nyuma ya Land Rover, kando ya tairi la akiba, ikasimama wima kama mlingoti wa bendera, nyekundu, na kila nilipoegesha mahali pa nyama choma nilihakikisha upande wenye jeki ndio unaotazama meza za watu. Mwenye jeki ya namna ile haulizwi kama amewahi kufika porini. Anasadikiwa tu.

Gari lenyewe nililipata kwenye mnada: Land Rover 110 ya milango mitano, umri wake unakaribia wa shemeji yangu mdogo, na kila asubuhi lilikohoa kabla yangu. Jeki niliinunua Gerezani, Dar es Salaam, siku niliyokwenda kutafuta feni belti. Muuzaji aliniambia, "Hii ni ya wanaume," nami nikalipa bila kuomba punguzo. Jirani yangu Mkenya alipoiona alisema, "Kumbe umepata jeki ya Tanganyika!" Nikamwuliza mbona inaitwa hivyo. Akasema kwao ndivyo wanavyoiita. Mimi Mtanganyika wa kuzaliwa sikuwahi kulisikia jina hilo, lakini nililipokea kama mtu aliyekabidhiwa hati ya shamba la babu.

Kwao hasa jeki hizi ni Marekani, mji wa Bloomfield katika jimbo la Indiana, ambako zina historia inayoanzia 1905, na waliozipenda mapema ni wakulima: watu wa kung'oa nguzo za uzio na visiki, kukaza waya, kunyanyua trekta lililozama. Ni chuma kirefu cha kama sentimita 120, kimetobolewa matundu kuanzia chini hadi juu, na kichwa chake kina pini mbili zinazopokezana. Ukikandamiza mpini, pini moja inabeba huku nyingine ikitafuta tundu la juu yake, kisha zinabadilishana zamu. Ndivyo mkwezi anavyopanda mnazi, mikono ikishika na miguu ikivuta. Mbele ya kichwa hicho hutoka ulimi mfupi wa chuma, na huo ndio unaobeba mzigo wote. Upana wake ni kama vidole vitatu. Tafadhali vikumbuke vidole hivyo vitatu, maana balaa lote lilitokea hapo.

Safari ilikuwa ya Mlimba, kwa wakwe. Mama Neema alishauri tupande treni. "TAZARA inapita mlangoni kwa Baba," alisema. "Tunapanda Dar, tunashukia nyumbani, nguo safi." Alikuwa na haki ya kusema. Baba yake amestaafu reli, kazi yake yote ameifanya kile kipande cha Mlimba kwenda Makambako ambako njia inapanda milima kwa mahandaki na madaraja. Lakini mahari yake nilikuwa nimelipa nusu, na mkwe wa nusu mahari hawezi kushuka kwenye behewa na begi begani kama mwanafunzi wa bweni. Anatakiwa afike na injini.

Ifakara tuliipita salama. Kutoka hapo hadi Mlimba ni zaidi ya kilometa 100, bonde la Kilombero kushoto, milima ya Udzungwa kulia, na wiki ile mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Tukafika kijiji kiitwacho Mbingu. Ndilo jina lake, na kina ofisa mtendaji na mashine ya kukoboa mpunga. Mama Neema alisema tumefika Mbingu tukiwa hai, tushukuru. Hatukumaliza kilometa mbili kutoka hapo, gurudumu la nyuma kushoto likaanza kupiga makofi.

Nilishuka polepole. Miaka miwili nilikuwa naingoja pancha hii.

Bonde la Kilombero ukilipita halina mtu. Ukipata pancha lina watu ishirini. Walitoka kwenye mpunga, walitoka kwenye vichuguu, watoto wa shule na sare zao, bodaboda wawili, na mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia. Nikamwambia Mama Neema abaki ndani asije akachafua khanga kwenye tope. Nilijiona muungwana sana. Kumbe kumwacha mtu ndani ya gari unalotaka kulinyanyua ni kosa hata kabla hujashika jeki, lakini wakati huo nilikuwa bado sijafikia kuhesabu makosa.

Nikatafuta mahali pa kuweka ulimi. Chini ya mlango wa nyuma kuna ukingo mzuri, umejitokeza kidogo, umepakwa rangi nyeusi, kama mkono ulionyoshwa kwa salamu. Nikasema hapa ndipo. Nikaingiza ulimi, nikasimamisha chuma, nikapampu. Watoto wakahesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Kitu kikapanda. Tatu! Nne! Nikaona mng'ao wa heshima katika macho ya bodaboda. Sita! Ikasikika krraap, sauti ya mkebe wa maziwa ya unga uliokanyagwa na ng'ombe.

Gari lilikuwa halijatoka chini hata unywele. Kilichopanda ni ukingo peke yake, umekunjika kwenda juu kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa andazi, ukaubana mlango, na nyuma ya mlango huo alikuwa ameketi Mama Neema. Akajaribu kufungua. Akajaribu tena. Kisha akanitazama kupitia kioo, na kwa bahati nzuri kioo kilikuwa kimefungwa.

Gari hili lilivikwa alumini kwa sababu ya vita. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza bado ilikuwa inagawa chuma kwa kipimo, ila alumini ilipatikana, basi wakajenga mifupa ya chuma na kuivika bati la alumini. Desturi hiyo ikaendelea miaka na miaka. Bati hilo haliliwi na kutu kama bati la chuma, ni jepesi, na ni ndugu wa damu wa sufuria ya mama lishe. Mimi nilikuwa nimechukua gari la karibu tani mbili na kutaka likae juu ya vidole vitatu vya chuma, na katikati yao nikaweka sufuria.

Mzee wa baiskeli alisimamisha baiskeli yake, akaja, akainama, akatazama kwa muda. "Kijana," akasema, "hapa ulikuwa unalinyanyua gari au ulilikwida shati?"

Walicheka mpaka wale waliokuwa mbali shambani wakaacha palizi kuja kuuliza kulikoni.

Mtu mwingine angefunga jeki hapo na kuomba msaada. Mimi nilikuwa na nusu ya mahari. Mama Neema alipokwisha kutoka kwa mlango wa upande wa pili, nikaihamishia jeki nyuma, kwenye boriti ya chuma inayofunga mwisho wa chesisi. Hapo palikuwa sahihi, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu ndilo jambo pekee nililopatia siku ile. Nikapampu. Gari likakaa palepale na jeki ikateremka. Nikapampu zaidi, ikateremka zaidi. Kitako cha jeki ile ni kama kiganja cha mtu mnene, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa unameza hata jembe. Mzee akauliza kama kisima hicho nakichimba kwa matumizi ya kijiji au yangu binafsi. Mtoto mmoja akakimbia, akarudi na kipande cha mtumbwi uliovunjika ambacho nadhani kwao kilikuwa benchi. Tukakilaza chini ya jeki, na hatimaye Land Rover ikaanza kuinuka.

Iliinuka kiuno, gurudumu likabaki. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba springi za 110 ni ndefu na hupenda kunyooka. Ukinyanyua mwili, zinajinyoosha, na ekseli inaendelea kukaa chini na magurudumu yake, haina habari. Nikapandisha hadi mwili ukafika kimo cha kutisha, gurudumu bado limekaa topeni kama mgeni asiyejua kuaga. Wakati huohuo chuma cha jeki kikaanza kuliegemea gari, ncha yake ya juu ikikwaruza rangi. Mama Neema, ambaye moyo wake ni mkubwa kuliko nilivyostahili, alivua khanga ya juu akaikunja na kuitia katikati. Maandishi ya khanga ile yalibaki upande wa nje, wakayasoma watu wote. Sitayarudia hapa.

Gurudumu lilipoachana na tope, nikachukua wili spana. Nati hazikutoka. Nilipokaza mkono, gurudumu zima likazunguka hewani nalo. Nilikuwa nimesahau kuzilegeza gari likiwa chini, wakati ardhi ingenishikia gurudumu bure. Nikaongeza nguvu, nikavuta, na gari likaondoka.

Niliapa kwamba nilikuwa nimevuta handibreki. Nilikuwa nimeivuta, tena kwa mikono miwili. Ila handibreki ya gari hili haikamati magurudumu. Inakamata propela, ule mhimili unaotoka kwenye gia boksi kwenda difu ya nyuma. Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa chini, inatosha. Nyanyua moja, na difu inafanya kazi iliyozaliwa nayo: inaliacha la hewani lizunguke upande wake na la chini lizunguke upande wa pili, huku propela imeshikwa imara kama mlinzi aliyefunga lango la mbele na ukuta wa nyuma hakuna. Laiti ningefunga difu ya kati, magurudumu ya mbele nayo yangekamatwa. Laiti ningeweka mawe. Gari lilisogea hatua moja, jeki ikainama, na Land Rover ikaketi chini bila haraka, kama bibi anayekaa kwenye mkeka. Ncha ya jeki ikaondoka na taa ya nyuma. Waliokuwa wananicheka walikimbia, lakini sikuona aliyeacha kucheka.

Hakuumia mtu. Nalisema hili haraka kwa sababu mpaka leo nikilala nahesabu vidole vyangu vya miguu, nikijikumbuka nilivyokuwa nimechuchumaa pale.

Kilichotuokoa ni Fuso lililokuwa linapakia mpunga kuelekea Ifakara. Utingo wake, kijana wa ndala, alishuka na jeki ya mafuta, ile fupi nene iliyo kama chupa ya chai. Akachukua mawe mawili makubwa, akabana gurudumu la mbele, moja mbele yake na moja nyuma. Akalegeza nati. Akatelezesha kipande cha mtumbwi chini ya ekseli, karibu kabisa na gurudumu, akaiweka jeki juu yake na kupampu huku anaongea na simu. Springi hazikupata hata nafasi ya kujinyoosha, kwa kuwa alinyanyua kilichobeba gurudumu, mwili haukumhusu. Kimo cha kiganja kikatosha. Alipomaliza aliipangusa jeki yake na kuinyooshea kidole ya kwangu.

"Bosi, hiyo nyekundu ni ya nini?"

"Hiyo ni ya porini."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Pori pande zote mbili. Akaingia kwenye Fuso.

Tulifika Mlimba magharibi. Baba mkwe alikuwa amesimama uani, mikono nyuma, na kabla sijazima injini alishaanza kulizunguka gari kama anayekagua behewa. Akapita kwenye taa. Akapita kwenye ukingo. Akajaribu mlango.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mkwe. Poleni na safari. Nasikia umelikwida gari shati."

Wale bodaboda. Sisi tulikwenda kwa mwendo wa alumini iliyokunjika. Wao walikuwa wameshapita kila kijiji mpaka Mlimba.

Usiku ule jambo hilo halikuongelewa tena, na ukarimu huo ulikuwa mzito kuliko matusi. Mama mkwe alinipakulia wali na kambale, akaniongeza bila kuulizwa, kama mtu anavyomlisha mgonjwa. Alfajiri nikasikia kitu kizito kinaburutwa uani. Baba mkwe alikuwa analivuta taruma la mti, lile la darajani, ambalo kwa miaka mingi limekuwa kigoda chake cha kuotea jua. Juu yake ameweka mnyororo. Kando yake kuna mkeka.

"Leta hiyo jeki yako," akasema. "Na wewe lala hapo."

Nikalala kwenye mkeka, uso chini ya gari langu, gari likiwa limesimama kwa miguu yake minne, watoto wa mtaa wameshapanga foleni ukutani. Akaniuliza mifupa iko wapi. Nikaonyesha chesisi, zile boriti mbili ndefu. Nikaonyesha ekseli. Akagonga ukingo wa mlango kwa fimbo. "Na hii?"

"Shati, Baba."

"Mkubwa wako shuleni alikuwa nani?" akauliza, lakini hakungoja jibu. Akaanza kueleza habari za behewa linaloacha reli mlimani, mvua inanyesha, mzigo umo ndani. Hawashiki mbao za ubavuni. Wanatafuta mfupa, wanalaza mataruma chini ili ardhi isinywe jeki, wananyanyua kidogo, wanajaza mbao chini ya mzigo, wananyanyua tena kidogo, wanajaza tena. Jeki ni ya kunyanyulia, mbao ndizo za kubebea. "Mzigo unaobebwa na jeki peke yake," akasema, "huo bado uko angani." Kimo cha goti kingeweza kuwagharimu asubuhi nzima na hakuna aliyemwuliza mwenzake saa ngapi.

Kisha akanisimamia nikafanya yote upya, pole kwa pole, kwa gurudumu ambalo halikuwa na pancha yoyote. Nati nikalegeza nusu mzunguko, zisitoke. Difu ya kati nikafunga, gia nikaweka nzito, mawe yakakaa magurudumu ya mbele. Mnyororo nikaupitisha kwenye ekseli na kuifunga kwenye chesisi, na hapo ndipo nilipoelewa maana yake: springi zikikosa nafasi ya kunyooka, ukinyanyua bampa gurudumu linakuja nalo, halibaki likisubiri. Tairi la akiba akaniamuru nilitelezeshe chini ya chesisi, ili gari likianguka liangukie mpira. Kati ya chuma na bodi akaweka gunia, akisema khanga za binti yake zimeshafanya kazi ya kutosha. Halafu akamwita huyo binti yake na kumwuliza kama yumo ndani ya gari. Yuko jikoni, akajibu, na jikoni hawezi kutoka kwa sababu anacheka.

Gari likapanda kama lilivyopaswa. Pampu saba na gurudumu likaelea. Baba mkwe akaguna. Kwa mfanyakazi wa reli, mguno ule ni cheti.

Kushusha ndiko kulikoniponza. Jeki ile ina kiwiko kidogo cha kuchagua, juu kwa kupanda na chini kwa kushuka, na Baba alikuwa ameniambia nisimame ubavuni, kidevu changu kisiwe juu ya mpini, na nisiuachie mkono kamwe. La ubavuni na la kidevu niliyasikia. Nikageuza kiwiko, nikashusha tundu moja, la pili, nikaona mambo yanakwenda, nikauachia mpini ili nijifute jasho.

Ukiuachia, mzigo ndio unaopampu. Uzito wa gari unazisukuma pini zishuke moja baada ya nyingine zenyewe, na kila zinaposhuka mpini unarushwa juu na kurudi, ta-ta-ta-ta-ta, kasi ya mtwangio wa mama mwenye wageni. Ungekuwa na taya juu yake, ungekula uji mwezi mzima. Mpini ulichokipata ni ndoo ya maji ambayo mama mkwe alikuwa ameniwekea ninawe. Ndoo iliruka. Maji yakamfuata yeye mwenyewe mlangoni, yakamlowesha kuanzia magotini. Nilipiga goti pale pale kwenye tope kuomba radhi, na kwa kuwa nilikuwa chini tayari, Baba mkwe alisema niiokote na ndoo iliyobingirika.

Siku ya kuondoka aliibeba jeki begani, akaiingiza ndani ya nyumba na kuisimamisha pembeni ya kabati. Nilidhani anaisafisha. Mama Neema akaninong'oneza kwamba imeingia kwenye hesabu ya mahari. Nikauliza kwa thamani gani. Akasema Baba hakutaja thamani, ametaja huruma.

Nilirudi Dar na jeki ya mafuta niliyoinunua Ifakara, na kipande cha ubao wa mninga kimelala chini ya kiti. Fundi wa bodi akautazama ule ukingo, akagonga mara moja kwa nyundo ya mpira, akaacha. "Hii ni sufuria, kaka," akasema. "Imeshatanuka. Nikiigonga inazidi kutanuka." Akaushusha kidogo ili mlango ufunguke, nami nikalipia ufunguzi wa mlango.

Juzi baba mkwe amepiga simu. Amenunua shamba jipya upande wa mto, limejaa visiki, na anaving'oa kwa jeki ile: anakifunga kisiki mnyororo, anaikalisha jeki juu ya taruma, anapanda tundu moja moja mpaka mizizi inaachia. Wiki ile amekwisha toa kumi na moja. Majirani wanakuja kuikodi na yeye anakataa, anakwenda mwenyewe kuwasimamia. Akauliza hali ya Neema, akauliza mvua ya Dar, akauliza bei ya sukari.

"Na shati, mkwe? Umeshalishona?"

"Bado, Baba."